Mguu usiouma: ganzi ya kisukari na namna ya kuiokoa miguu

Wagonjwa wengi wa kisukari wanaofika hospitali na kidonda kwenye unyayo hutoa maelezo yanayofanana. Hawakujikwaa, hawakukatwa na kitu, wala hawakusikia maumivu. Wengine wameona tu soksi imelowa, au mtu wa nyumbani amelalamikia harufu. Wanasema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Maumivu ndiyo yanayomfanya mtu achechemee, avue kiatu na kutazama kulikoni. Yakiondoka, mtu huendelea kukanyagia jeraha hilo hilo siku nzima, akashuka nalo sokoni na kupanda nalo mlima jioni.

Makala hii inahusu zaidi miguu. Kisukari huumiza pia macho, figo na moyo, na tutayagusa hayo, lakini mguu ndio sehemu ambayo mgonjwa mwenyewe, akiwa nyumbani kwake Kibosho, Kilimanjaro, au Ngaramtoni, Arusha, anaweza kuiokoa kwa dakika tano za kila siku.

Ganzi inatoka wapi

Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu kwa njia mbili. Glukosi, yaani hiyo sukari, iliyozidi ndani ya mshipa wa fahamu hugeuzwa kuwa kemikali zinazoudhoofisha, na wakati huo huo vimishipa vidogo vya damu vinavyoulisha mshipa huo vinasinyaa. Mishipa mirefu ndiyo inayotangulia kuumia, nayo ni ile inayoshuka kutoka mgongoni mpaka ncha za vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda polepole hadi usawa wa soksi. Baadhi ya watu huanza na kuchomachoma, au moto nyayoni unaozidi usiku hadi shuka linakera. Wengine husema wanahisi kama wanatembea juu ya pamba. Na wapo wasiohisi dalili yoyote: hawa ndio tunaowahofia zaidi, kwa sababu hakuna kitu kinachowasukuma kuja.

Kinachofa si hisia peke yake. Mishipa inayoendesha jasho nayo huharibika, ngozi inakauka na magaga yanapasuka kisiginoni, na kila ufa ni mlango wa bakteria. Mishipa inayoendesha misuli midogo ya mguu hudhoofika pia, vidole vinajikunja, na uzito wa mwili unahamia kwenye vifundo vya mbele ya unyayo, chini ya kidole gumba hasa. Hapo ngozi inaota sugu. Sugu ni ngumu, kwa hiyo kila hatua inakandamiza nyama laini iliyo chini yake mpaka inachubuka na kuvujia damu ndani kwa ndani. Doa jeusi au la kahawia ndani ya sugu ni kidonda ambacho hakijafunguka. Mtu mwenye doa hilo asisubiri litoke.

Kama mishipa mikubwa ya damu nayo imeziba, na sigara huharakisha jambo hilo sana, kidonda hakipati damu ya kutosha ya kukiponya. Sukari iliyo juu hudhoofisha pia chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Ndipo kidonda kidogo kama punje ya mahindi kinapofika mfupani.

Jipime nyumbani

Hospitalini tunapima hisia kwa uzi wa plastiki unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Nyumbani kipo kipimo kisichohitaji kifaa. Mgonjwa alale au anyooshe miguu, afumbe macho. Mtu mwingine aguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu kabisa, sekunde moja hadi mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Ni vidole sita kwa jumla. Asisukume, asigongegonge, asipapase, na asirudie kidole ambacho mgonjwa hakukisikia. Mgonjwa aseme kila anapohisi, na ni mguu upi. Akikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya sita, miguu hiyo imepoteza kinga na ihesabiwe kuwa iko hatarini, hata kama haina hata mchubuko.

Halafu kuna ukaguzi wa kila siku, ambao ni wa macho. Jioni baada ya kuosha miguu, tazama juu, chini, kisiginoni na katikati ya kila kidole. Weka kioo sakafuni ukishindwa kuinama. Ambaye macho yake yamepungua nguvu, na kisukari huyapunguza, amwombe mjukuu au mwenzi wake atazame, tena asione haya. Kinachotafutwa ni wekundu, malengelenge, ufa, unyevu mweupe katikati ya vidole (fangasi), ukucha uliozama nyamani, na sehemu moja yenye joto kuliko mguu wa pili.

Osha kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 37. Mguu hauwezi kukuambia kama maji ni ya moto, na vidole vya mikono navyo huweza kuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo pima kwa kiwiko au mpe mtu mwingine apime. Usiiloweke miguu, kulowekwa kunailainisha ngozi na kuiacha kavu zaidi baadaye. Kausha vizuri katikati ya vidole. Paka mafuta ya mgando kisiginoni na juu ya mguu, usipake katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Sugu isikatwe kwa wembe wala isitiwe dawa ya kuchoma ngozi inayouzwa madukani, kwa kuwa dawa hiyo haijui mwisho wa sugu na mwanzo wa nyama.

Hatari za kwetu

Kuanzia Juni hadi Agosti huku kuna baridi, na huku juu mlimani watu huota moto jioni. Mtu mwenye ganzi huisogeza miguu jikoni mpaka ngozi inaungua bila kujua, na asubuhi anakuta malengelenge makubwa. Chupa ya maji ya moto kitandani hufanya vivyo hivyo. Vaa soksi nene za pamba au sufu, zisizo na mpira unaobana, na kama zina mshono mgumu, zigeuze mshono uwe nje. Soksi nyeupe ni nzuri kwa sababu damu na usaha huonekana mapema.

Kukanda mguu uliovimba kwa maji ya moto ni desturi yetu ya muda mrefu, lakini mwenye kisukari asikandwe. Hili lina sababu ya pili nzito kuliko kuungua. Upo ugonjwa ambapo mifupa ya mguu wenye ganzi inavunjika na kuachana polepole: mguu mmoja unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto, mara nyingi bila kidonda na bila maumivu ya kutisha. Watu huudhani umeteguka, au ni baridi yabisi, wakaukanda na kuendelea kuutembelea. Upinde wa unyayo huanguka, mguu ukabaki umebinuka chini. Tiba yake kuu ni kuupumzisha kabisa ndani ya plasta ngumu kwa miezi kadhaa, na kila wiki inayopotea kabla ya plasta ina gharama. Mguu mmoja wenye joto na uvimbe kwa mgonjwa mwenye ganzi ni dharura.

Shambani, katikati ya migomba na mibuni, hatari ni jembe, visiki na funza. Funza asitolewe kwa pini nyumbani. Nenda zahanati akatolewe kwa kifaa safi. Mabuti ya mpira yanazuia jembe lakini yanatunza jasho, kwa hiyo vaa soksi kavu ndani, na yavue kila baada ya saa kadhaa. Usiku, chumba kilichohifadhiwa mahindi huvuta panya, na panya huguguna vidole vya mtu asiyehisi. Hutokea hapa nchini. Hamisha gunia, lala na miguu imefunikwa ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro.

Kandambili husugua katikati ya kidole gumba na cha pili. Yeboyebo ni laini, mwiba wa mgunga huupenya unyayo wake bila shida. Makatambuga ni imara, ila misumari yake ikichomoza inachoma, kwa hiyo pitisha kiganja ndani kabla ya kuvaa, kama unavyopaswa kukung'uta kila kiatu uondoe kijiwe.

Wengi wetu hununua viatu vya mitumba, Memorial mjini Moshi au kwenye masoko ya Arusha, na hakuna ubaya ukijua kuchagua. Tatizo ni kwamba kiatu kilichovaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Nenda jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya boksi gumu, mtu akuchoree mguu kwa kalamu, ukate mchoro huo. Uingize ndani ya kiatu. Ukikunjika pembeni, kiatu ni chembamba, kiache hata kama bei ni nzuri. Urefu wa ndani uzidi mguu kwa sentimita 1 hadi 2. Siku ya kwanza kivae saa moja tu, kisha vua utazame. Alama nyekundu isiyofutika ndani ya nusu saa maana yake kiatu kinakuumiza.

Kidonda kimetokea

Acha kuukanyagia mguu huo. Osha kidonda kwa maji safi, funika kwa shashi safi na bandeji isiyobana, kisha fika kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake. Usipake majivu, mafuta ya breki, dawa ya meno wala spiriti. Usifungue kapsuli ya antibaiotiki ya rangi mbili ukamwaga unga wake kidondani: unaganda juu kama gome, usaha unabaki chini, na daktari anashindwa kuona kina. Dalili za kwenda moja kwa moja hospitali kubwa ni wekundu unaopanda, harufu, sehemu kuwa nyeusi, homa, au sukari iliyopanda ghafla bila sababu. Kwa Kilimanjaro hapo ni Mawenzi au KCMC. Kwa Arusha ni Mount Meru.

Huko watakata nyama iliyokufa, watapima mapigo ya damu mguuni, watatoa dawa za vijidudu kama kuna maambukizi, na watatafuta njia ya kuondoa uzito kwenye kidonda. Hili la mwisho ndilo wagonjwa wanalolivunja zaidi. Antibaiotiki haiponyi kidonda kinachokanyagwa. Na anayeogopa hospitali kwa kuhofia kukatwa mguu ajue kwamba mara nyingi kinachopeleka kwenye kukatwa ni wiki zilizopita kabla ya kufika.

Yanayobaki ya mwili

Mambo yote haya yanapungua kasi sukari ikidhibitiwa. Kwa watu wazima wengi lengo ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita kabla ya kula, na HbA1c, kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, chini ya asilimia 7. Wazee dhaifu hupewa lengo la juu kidogo ili sukari isishuke mno. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuiweka HbA1c kwenye takribani asilimia 7.0 badala ya 7.9 kulipunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, kwa robo.

Ndizi za kupika, iwe machalari au kiburu, ni wanga kamili, hata zikiwa mbichi na hazina utamu mdomoni. Zichukue robo ya sahani, nyama au maharage robo nyingine, na mboga za majani nusu. Mbege, kinywaji chetu cha ndizi na ulezi, ina sukari na pombe kwa pamoja. Pombe huumiza mishipa ile ile ya fahamu iliyokwisha kuumizwa, na kwa anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) inaweza kuishusha sukari usiku akiwa usingizini.

Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka aulizie kipimo cha vitamini B12, maana dawa hiyo huipunguza, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari lakini inatibika. Maumivu ya moto nyayoni yana dawa zake za daktari, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya kawaida, haisaidii maumivu ya aina hiyo na inaumiza figo. Figo zipimwe kila mwaka, mkojo kwa protini na damu kwa kreatinini, taka inayochujwa na figo. Macho nayo kila mwaka, kwa dawa ya kupanua mboni.

Miguu yenye hisia kamili na mapigo mazuri ikaguliwe kliniki mara moja kwa mwaka. Yenye ganzi peke yake, kila miezi 6 hadi 12. Yenye ganzi na vidole vilivyojikunja au damu hafifu, kila miezi 3 hadi 6. Usiposikia ukiambiwa vua viatu, vivue mwenyewe kabla hujaketi mbele ya daktari. Aliyewahi kupata kidonda arudi kila mwezi mmoja hadi mitatu, kwa sababu takribani watu wanne kati ya kumi hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Anaporudi shambani au dukani avae viatu alivyoelekezwa, nyumbani pia, na akiona sugu imeanza kuota tena mahali pa kidonda cha zamani asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.