Kwa nini buti kuukuu la ngozi humkaa mwindaji vizuri kuliko jipya?

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Aliyewahi kuvaa buti jipya la ngozi anajua kidonda hicho hukaa wapi: nyuma ya kisigino na pembeni mwa kidole kidogo. Ndiyo maana mwindaji anayekwenda porini kutwa nzima huliacha jipya nyumbani. Huvaa lile kuukuu, lililopauka na kujaa makunyanzi, akarudi jioni bila lengelenge hata moja. Kumetokea nini ndani ya ngozi ile?

Jibu limo kwenye nyuzi. Chukua bonge la nyuzi za kumbi la nazi ulivute kwa nguvu. Litatanuka, litalalamika, lakini halichaniki kwa mstari, maana nyuzi zake zimeshikana ovyo. Ngozi ya ng'ombe iko hivyo hivyo, ila nyuzi zake ni nyembamba mno, za protini iitwayo kolajeni, zimesukana juu, chini na kila upande. Turubai lina nyuzi za mlalo na za wima. Likitoboka, mpasuko hufuata uzi. Kwenye ngozi mpasuko hauna njia ya kufuata. Na viatu vya ngozi si vya leo: katika pango la Areni huko Armenia, mwaka 2008, wanaakiolojia walikuta kiatu cha kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, kimeshindiliwa nyasi ndani, na kamba zake bado zipo. Kina umri wa miaka 5,500 hivi.

Lakini ngozi mbichi ikikauka hugandana na kuwa ngumu kama ya ngoma, na ikilowa huoza. Kwa hiyo husindikwa kwanza, ama kwa tanini itokayo kwenye magome ya miti, kama miwati inayopandwa Njombe, ama kwa chumvi za metali iitwayo kromu, njia iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kisha hulishwa mafuta. Hapo ndipo uimara na raha vinapokutana: mafuta huziwezesha nyuzi kuteleza zinapokunjwa, zisisagane hadi zikakatika.

Sasa ingiza mguu. Unaleta joto, unaleta jasho, halafu unaleta uzito wa mwili mzima, hatua baada ya hatua, na kila hatua inalikunja buti palepale, kwenye mashina ya vidole. Nyuzi zilizolegezwa na unyevu na joto husogea kidogo, na buti linapokauka hubaki zilipofika. Baada ya miezi ngozi imeshika umbo la mguu mmoja tu duniani. Tia mkono ndani ya buti la namna hiyo upapase soli ya ndani: utakuta vishimo vya vidole, bonde la kisigino, na mwinuko pale ambapo unyayo haugusi chini. Soli hiyo mara nyingi hukatwa kwenye ngozi ya tanini, ambayo hushika umbo kuliko ya kromu. Mabuti mengi mazuri huwa na koki chini yake, ile ya vizibo vya chupa, nayo hubonyea vilevile. Ukiazima buti kuukuu la mwenzako litakuumiza hata kama namba ni moja.

Leon Leonwood Bean, mwindaji wa Freeport, jimbo la Maine nchini Marekani, alichoka kurudi kutoka kuwinda kulungu na miguu iliyolowa. Akaunganisha viatu vya mpira kwa chini na ngozi laini kwa juu, na mwaka 1912 akauza jozi 100. Jozi 90 zilirudishwa: juu na chini vilikuwa vimeachana. Aliwarudishia wanunuzi fedha zao, akakopa, akatengeneza upya. Mpira ulizuia maji kuliko ngozi yoyote, lakini pale ulipopaswa kushonwa ulikuwa na la kujifunza. Tundu la sindano kwenye ngozi limezungukwa na nyuzi zinazoushikilia uzi. Kwenye mpira mwembamba laweza kuwa mwanzo wa mchaniko.

Ngozi hii imara ina adui mmoja ambaye wavaaji wengi humdhania rafiki, nao ni moto. Mtu amerudi kalowa chapachapa, anayaegemeza mabuti kando ya jiko. Kolajeni iliyolowa hainyauki tu ikipashwa joto kali. Hujikunja na kusinyaa, na haitanuki tena. Asubuhi buti limekakamaa, na likikunjwa linapasuka pale pale kwenye makunyanzi. Lijaze magazeti, yabadilishe yakilowa, liache kivulini penye upepo, ingawa litachukua siku mbili. Likikauka lifute vumbi, maana mchanga ulioingia kwenye mikunjo husaga nyuzi kama msasa, kisha lipake mafuta kidogo au nta ya nyuki. Kidogo tu, kwani likizidishiwa hulegea hadi likakosa kukishika kifundo cha mguu.

Soli ndiyo huisha kwanza. Kwenye buti lililoshonwa vizuri, kuna ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo wa chini, na soli ya nje imeshonewa kwenye ukanda huo. Fundi viatu hukata mshono, huibandua soli iliyolika na kushona nyingine. Ile ya ndani, yenye vishimo vya vidole, haigusi.