Je, wajua kwa nini chenso yenye mlio mkali zaidi huenda ndiyo yenye nguvu kidogo?

Chenso, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti, ikipigwa resi hewani na kutoa mlio mwembamba, mkali, wengi husema imekaa sawa. Mara nyingi mlio huo unasema kinyume: injini inapata mafuta machache kuliko inavyohitaji. Pasipo mzigo itazunguka kwa kasi ya ajabu, ila ikiingia kwenye gogo inaishiwa pumzi. Na kupungua nguvu ndiyo hasara ndogo. Injini hii ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli, mililita 20 kwa kila lita, kwa hiyo ukibana mafuta umebana na oili. Pistoni inapata joto, inatanuka, inachubuka upande wa ekzosi, na injini inanoki, yaani inakwama.

Chukua Husqvarna 372 XP: sentimita za ujazo 70.7, kilowati 3.9. Kiwanda kinairuhusu izunguke hadi mara 13,500 kwa dakika bila mzigo, lakini nguvu yake ya juu kabisa inapatikana kwenye mizunguko kama 9,600, yaani pale inapokuwa ndani ya mti. Ukiipima hewani, umeipima mahali isipofanya kazi.

Kipimo cha kweli ni saa na boriti. Tafuta boriti ya mraba ya aina moja ya mti, upana kama sentimita 25. Pasha injini moto, tanki likiwa nusu, kata mara moja na usiihesabu, kisha kata mara tatu ukipima sekunde na uchukue wastani. Usiukandamize msumeno, uache ushuke kwa uzito wake. Kisha badilisha kitu kimoja tu na urudie. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hatajua kipi kimemsaidia na kipi kimemharibia.

Kabla ya kugusa injini, angalia mnyororo, kwa sababu hapo ndipo kuna sekunde nyingi za bure. Mnyororo wa inchi 3/8 wa mashine hii unanolewa kwa tupa ya duara ya milimita 5.5. Kwa kukata gogo kwa upana, pembe ni nyuzi 25 hadi 30; kwa kupasua mbao, nyuzi 10 zinatoa uso laini zaidi. Kinachosahaulika ni kile kijino kifupi kilicho mbele ya kila jino, kinachoamua jino lizame kiasi gani. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Jino likinolewa mara nyingi bila kukipunguza, mnyororo unakuwa mkali lakini hauli mti. Ukikipunguza kupita kiasi, msumeno unanyakua, unarukaruka na klachi inateleza. Tazama msumeno unatema nini: vipande vyenye umbo vinaonyesha jino linakata, na unga kwenye mti mbichi unaonyesha linasugua.

Sasa afya ya injini. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya PSI 150 au zaidi ni nzuri. Chini ya 120, shughulikia ringi na silinda kwanza. Kama silensa (mzunguko wa injini bila kushika resi) inapanda na kushuka yenyewe, au resi inachelewa kurudi ukiachia, shuku sili za krenki au mpira wa kabureta unaovuta hewa. Kuongeza nguvu kwenye injini inayovuja ni kuiharakishia kifo.

Ikiwa nzima, mahali pa kwanza pa kufungua ni ekzosi. Panua tundu la kutolea moshi, au ongeza la pili, lakini eneo lote lisizidi asilimia 80 hivi ya tundu la silinda linalotoa moshi. Wavu wa kuzuia cheche ubaki palepale; wakati wa kiangazi cheche moja inaweza kuchoma msitu. Moshi ukitoka kwa urahisi, hewa nyingi zaidi inaingia, kwa hiyo fungua skrubu ya H (ile ya kabureta inayopima mafuta ya kasi ya juu) kinyume cha saa, thumuni ya mzunguko kila mara. Shika resi yote hewani: utasikia mlio mzito unaokatikakatika. Gusa gogo, mlio unyooke na kuwa safi. Inua, mkatiko urudi. Hapo ndipo. Jihadhari tu na mashine zenye koili inayozuia kasi: nazo hukatikakatika zikifika kikomo, hata kama mafuta ni machache. Hizo zinahitaji kipima mizunguko na sikio lililozoea.

Hatua inayofuata ni nafasi kati ya pistoni na ukingo wa juu wa silinda. Ingiza waya laini wa risasi kupitia tundu la plagi hadi uguse ukuta wa silinda, zungusha krenki kwa mkono, kisha pima ulipobanwa. Ukipata milimita 1.0 na gasketi ya chini ya silinda ina 0.5, kuiondoa na kuziba kwa silikoni ya injini inayostahimili petroli kunakuacha na 0.5. Usiende chini ya hapo, pistoni itagonga.

Sproketi (gurudumu linalozungusha mnyororo) ya meno 8 badala ya 7 inaongeza kasi ya mnyororo kwa asilimia 14, na inapunguza mvuto kwa kiasi kinacholingana. Inafaa misonobari myembamba kwa baa fupi. Kwenye mitiki, ambayo ni migumu na ina silika inayokula meno, tusingeifunga.

Mwisho, urefu kutoka usawa wa bahari. Chenso iliyosetiwa Mufindi, ambako hewa ni nyepesi, ikishushwa bonde la Kilombero inakutana na hewa nzito, na mafuta yaleyale yanakuwa machache. Fungua H na useti upya kabla ya kukata gogo la kwanza.