"Paa limekaa miaka hamsini, hakuna aliyeugua"

Hivyo ndivyo mafundi wengi husema wakipanda na nyundo kung'oa mabati ya asbestosi (madini ya nyuzi yaliyochanganywa na saruji) kwenye nyumba za zamani. Kuna ukweli kidogo hapo: bati zima, lisilopasuka wala kuchakaa, hutoa vumbi dogo sana. Ila siku ya ukarabati mambo hubadilika. Nyundo, msumeno, hata brashi ya waya hurusha nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Zikiingia mapafuni hukaa humo, na saratani yake huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Kwa hiyo "hakuna aliyeugua" si ushahidi wa chochote.

Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, lakini majengo ya kabla ya hapo bado yapo, zikiwemo shule na kota za wafanyakazi. Tena si paa tu: huweza kuwa kwenye dari, mabomba, hata vigae vya sakafu. Kwa kutazama huwezi kuwa na hakika. Mtaalamu hulowanisha sehemu ndogo, akachukua kipande, kikapimwa maabara kwa hadubini. Nawasihi, lifanyike hilo kabla hata hamjapatana bei na fundi. Asbestosi ikigunduliwa kazi ikiwa katikati, vumbi limeshatua kwenye magodoro ya watoto.