Viputo kwenye tanki la maji chumvi: usiikimbilie skima

Wadau wa maji chumvi, ukiona tanki limejaa ukungu wa viputo vidogo, kabla hujaifungua skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji kwa povu la hewa, na kuiloweka siki na kumpigia simu aliyekuuzia, fanya kitu kimoja. Izime kama saa moja hivi, pampu ya kurudisha maji juu iache iendelee, halafu kaa uangalie tanki. Ule ukungu wa viputo ukipotea sawa, mwizi umemkamata. Usipopotea basi skima unaionea bure, na kwa kazi yangu hii ya kufunga na kuhudumia matanki nakwambia inaonewa sana.

Maana hewa ina njia nyingi za kuingia. Bomba linaloshusha maji kwenye sampu, lile tanki la chini linalokaa skima na pampu, ukisikia linakoroma ujue linashuka na hewa, na kama mdomo wake unamwagia juu ya maji badala ya kuzama kidogo, hapo una mashine ya viputo kushinda hata skima. Pampu ya kurudisha nayo, kiyoyozi kimewaka wiki nzima, maji yamekauka kwenye chemba ya mwisho ya sampu, ilipo pampu hiyo, na hakuna aliyeongeza, inaanza kuvuta hewa kwa juu, unaona kabisa kishimo kinazunguka. Halafu kuna ile yunioni, kiungio cha bomba cha kufunga na kufungua, upande wa kuvutia wa pampu iliyo nje ya sampu, ikilegea haivuji hata tone, yenyewe inanyonya hewa. Hii ndiyo naiogopa kuliko zote, kwa sababu hewa inaingia ndani ya pampu inagandamizwa inayeyuka kwenye maji kupita kiasi, na samaki anaweza kutoka viputo chini ya ngozi mpaka machoni. Paka vaselini kuzunguka jointi yote, ukungu ukikata umepata jibu. Viputo vya skima vyenyewe wala havina ubaya mkubwa kwa samaki, ni kero ya macho tu na chumvi inayorukia taa, labda uwe unafuga sponji wa baharini, hao hewa ikiwanasa ndani nyama inakufa.

Haya, tuseme ni skima kweli. Ni mpya? Iache. Plastiki mpya ina mafuta mafuta ya kiwandani, na mpaka ndani ijenge utando wake, siku chache mpaka wiki mbili hivi, itatema viputo na hakuna koki utakayozungusha ikasaidia. Si mpya ila imebadilika ghafla? Uliza nini kimeingia kwenye maji. Dawa ya kuondoa klorini, hasa zile zinazojidai kulinda na ute wa samaki, gundi ya kubandikia matumbawe, vitamini, dawa ya ugonjwa, mkono wenye losheni, mtu kafuta kioo na dawa ya madirisha, vyote hivyo vinafanya viputo vigome kupasuka na kuungana, vinatoka kwenye mdomo wa skima vizima vizima. Dawa yake ni kubadilisha maji kiasi, kuweka kaboni mpya, ule mkaa wa kuchujia, kufungua koki ya skima ya kutokea maji mpaka mwisho, na uvumilivu. Usiongeze dawa nyingine juu yake jamani.

Sasa kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka ni mwendo wa maji. Kiputo kidogo kinapanda taratibu mno, chenye upana wa milimita 0.1 hakifiki hata sentimita moja kwa sekunde, ni kama nusu tu. Chukua sampu yenye upana wa sentimita 30 na maji ya kina cha sentimita 20, chemba ina urefu wa sentimita 25, pampu inasukuma lita 3,000 kwa saa. Piga hesabu, maji yanapita chemba hiyo kwa sekunde 18 hivi. Kiputo kilichoanzia chini kimepanda sentimita 10, bado yuko katikati ya safari na tayari kashavutwa na pampu. Punguza pampu iwe lita 1,500, anapata sekunde 36, anafika juu anapasuka mwenyewe. Hujanunua kitu!

Na vile vioo vitatu vya kukinga viputo ndani ya sampu, vinavyoyapitisha maji juu chini juu, watu wanavibana na nafasi ya sentimita 3 wakidhani ndiyo vinachuja vizuri. Kwenye sampu hiyohiyo na lita 3,000, maji yanashuka hapo katikati kwa sentimita 9 kila sekunde, kiputo chetu kinachopanda nusu sentimita kitapona wapi? Kinazolewa. Panua nafasi, au punguza maji, au vyote. Sponji la kuchujia ukilijaza hapo litakamata viputo kweli, ila usipoliosha mara kwa mara uchafu unaoza humo na naitreti inapanda, kwa hiyo mimi nalitumia kwa skima mpya tu, ikishatulia natoa.

Kina cha maji pale skima ilipokaa nacho kiangalie, skima nyingi za ndani ya sampu zinataka kama sentimita 18 mpaka 23, soma karatasi yake. Kikizidi, nyanyua skima juu ya kigoda cha plastiki. Mdomo wa kutokea maji weka elbo uuelekeze juu au kwenye ukuta wa sampu, usitazame pampu. Impela, lile panga linalozunguka ndani ya pampu ya skima, iloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu chokaa itoke, kipaipu cha hewa kipitishe maji ya bomba ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi inaganda mdomoni. Kubana hewa ili viputo vipungue sikushauri, unaua kazi yenyewe uliyoinunulia skima.

Kwa wanaochota maji baharini, masika pimeni chumvi kabla, karibu na mito inashuka. Chumvi ikiwa chini viputo vinaungana vinakuwa vikubwa na povu linakuwa hovyo, mimi nakaa kwenye gramu 35 kwa lita.

Mwisho umeme. Ukikatika, maji ya juu yanashuka yanajaa sampu, ukirudi skima inaamka imezama, kikombe chake cha kukusanya uchafu kinafurika na viputo vinapanda juu kwa fujo. Toboa kitundu kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya usawa wa maji ya tanki, ili maji yakishuka kidogo kivute hewa na kukata mvuto. Halafu skima ichomeke kwenye friji gadi, ile ile ya kulinda friji, na pampu ya kurudisha ichomeke moja kwa moja ukutani. Umeme ukirudi pampu inatangulia kupandisha maji, dakika chache baadaye ndiyo skima inawaka, na kina kishakuwa sawa.