Bildi ngumu kufa ni nini? Hesabu ya mpiganaji wa karibu

Kwenye gemu za kuigiza uhusika zenye mapigano ya papo kwa papo, kama Diablo, Path of Exile au Elden Ring, mhusika ni shujaa uliyemchagua siku ya kwanza. Bildi ni kila ulichomfanyia tangu siku hiyo: pointi umezitia wapi, kashika silaha gani, kavaa nini, anatumia mbinu zipi. Wachezaji wawili wanaweza kuanza na shujaa yuleyule, kisha baada ya saa thelathini mmoja anapita katikati ya kundi la maadui bila wasiwasi na mwenzake anakufa kwenye kila chumba.

Bildi ngumu kufa ya mpiganaji wa karibu ni ile inayomwezesha mtu wa upanga, shoka au rungu kusimama pale pale anapopigwa, kwa muda wa kutosha kumaliza kazi. Uzito wote uko kwenye hilo neno kusimama. Mpiga mishale mambo yakichacha hurudi nyuma huku bado anafyatua. Mtu wa upanga akirudi nyuma hapigi chochote, na kila sekunde anayokimbia, bosi, yaani adui mkubwa wa mwisho wa eneo, anapumua. Watengenezaji wenyewe wanalijua hili: Diablo III ilipotoka mwaka 2012, mashujaa wake wawili wa mapigano ya karibu, Barbarian na Monk, walipewa punguzo la asilimia 30 la madhara, yaani uhai ambao pigo hukukata, bila kulilipia kwa pointi wala kifaa, kwa kuwa ndio waliotakiwa kupigana kifua kwa kifua.

Lakini kusimama pekee hakutoshi, lazima kuwe na ufanisi. Kuwa mgumu tu si kazi kubwa. Vaa chuma kizito chote ulichookota, tia kila pointi kwenye uhai, chukua ngao kubwa kuliko mlango, na hutakufa. Lakini bosi naye hatakufa, mtabaki mnasukumana dakika ishirini. Bildi yenye ufanisi hupata ugumu wake kwa gharama ndogo kadiri inavyowezekana, ili kinachobaki kiende kwenye makali ya upanga. Na ili ujue gharama ndogo iko wapi, lazima kwanza ujue ugumu unapimwaje, maana namba kubwa ya uhai kwenye kioo hudanganya sana.

Chukua mhusika mwenye uhai 1,000 na deraya inayopunguza madhara kwa asilimia 20. Kila pigo la 100 linamfikia likiwa 80, kwa hiyo kumuua kunahitaji madhara ghafi, yaani kabla ya punguzo, 1,250. Hiyo 1,250 ndiyo wachezaji huiita uhai halisi. Njia ya kuupata ni kugawa uhai kwa sehemu ya madhara inayopenya. Sasa umeokota pete mbili na kidole kilichobaki ni kimoja: moja inaongeza uhai 200, nyingine inaongeza punguzo kwa pointi 10 za asilimia. Ya kwanza inakufikisha 1,500. Ya pili, punguzo likiwa 30, inakufikisha kama 1,428. Chukua ya uhai.

Mrudishe mhusika huyohuyo baadaye, punguzo lake limeshafika asilimia 50. Uhai halisi ni 2,000. Pete ya uhai inampa 2,400. Pete ya punguzo, kutoka 50 hadi 60, inampa 2,500. Jibu limegeuka, na pete ni zilezile. Uhai na punguzo vinazidishana, havijumlishwi, kwa hiyo kinacholipa zaidi mara nyingi ni kile ulichokipuuza. Mchezaji aliyerundika uhai pekee ana upande mmoja mrefu wa mstatili na upande mwingine mfupi, naye anashangaa eneo lake ni dogo.

Ukinzani dhidi ya moto, barafu na umeme unafuata hesabu hiyohiyo, ila kwa ukali zaidi. Katika Path of Exile kikomo cha kawaida ni asilimia 75. Anayeanza hutazama kifaa kinachopandisha kikomo hicho hadi 80 na kusema ni tano tu. Si tano. Kwenye 75 inapenya robo ya pigo. Kwenye 80 inapenya moja ya tano. Yaani kati ya kila madhara 25 yaliyokuwa yanakufikia, 5 yametoweka, na hiyo ni asilimia 20 ya maumivu yako iliyoondoka. Tano zilezile ukizitoa sifuri kwenda 5 zinakupunguzia asilimia 5 tu. Ndiyo maana wakongwe hutoa mali nyingi kwa vifaa vya kupandisha kikomo, jambo ambalo kwa mgeni linaonekana wazimu.

Hili nililijifunza kwa kufiwa. Katika Diablo II, ukiwa na nyongeza yake ya mwaka 2001, Lord of Destruction, ngazi ya mwisho ya ugumu inakukata pointi 100 za ukinzani. Nilikuwa na Barbarian mwenye uhai ambao hata mimi nilikuwa naufungua kuuangalia kwa raha tu. Ukinzani wake wa umeme ulikuwa chini ya sifuri, nami niliona haya ni mambo ya wachawi. Kikatokea kimzimu kimoja kinachorusha umeme, nje kabisa ya mwanga wangu. Ukinzani ukiwa hasi 40, pigo la 1,000 linakuja likiwa 1,400. Uhai wangu mwingi haukupata hata nafasi ya kutumika. Alikuwa mhusika wa ile hali ya kufa mara moja tu, kwa hiyo hakurudi.

Deraya nayo ina siri yake, na hapa ndipo wengi hupotea. Katika Path of Exile asilimia inayozuiwa na deraya haiko palepale. Inategemea ukubwa wa pigo lenyewe. Unachukua deraya, unaigawa kwa jumla ya deraya hiyo na mara tano ya pigo. Tuseme una deraya 10,000. Likija pigo la 100, hesabu inatoa kama asilimia 95, na gemu inakukata kwenye kikomo cha 90. Likija pigo la 1,000, inazuia asilimia 67 hivi. Likija pigo la 10,000, inazuia chini ya 17. Kwa hiyo deraya ni dawa ya kundi, ya wale panya hamsini wanaokung'ata kwa mpigo. Dhidi ya jitu linaloinua nyundo taratibu juu ya kichwa chako, ni shati. Mchezaji anatembea kwenye makundi wiki nzima bila kukwaruzwa, anajiona chuma, kisha bosi anamlaza kwa pigo moja naye analalamika gemu ina hitilafu. Haina. Alijikinga na aina moja ya kifo.

Kwa maoni yangu, basi, maana nzuri zaidi ya bildi ngumu kufa haianzi na vifaa. Inaanza na namna za kufa, na kwa mpiganaji wa karibu namna hizo hazizidi tatu. Kuna pigo moja kubwa kuliko uhai wako. Kuna mapigo madogo mengi yanayokuja haraka kuliko unavyojirejesha. Na kuna kuzuiwa: umegandishwa, umeduwazwa, umezingirwa kwenye kona, na kila kinga uliyokuwa unaitegemea imezimika kwa sababu ilitaka mkono wako uwe unafanya kazi.

La kwanza linajibiwa na uhai, ukinzani na mapunguzo yasiyojali ukubwa wa pigo. Kukwepa kwa bahati hakulijibu. Ukiwa na nafasi ya asilimia 50 ya kukwepa, kwa wastani uhai wako umekuwa mara mbili, na kwenye karatasi inapendeza. Lakini kama pigo moja linatosha kukuua, nafasi ya kunusurika mapigo matano mfululizo ni 1 kati ya 32. Wastani unahitaji uwe hai ili ukufae. Kukwepa kunang'aa pale tu unapoweza kustahimili mapigo kadhaa. Hapo yanayokosa yanakupa nafasi ya kupumua baada ya yaliyopata.

La pili linajibiwa na deraya na kujirejesha. Na hapa kuna kitu wapiganaji wa karibu wanakipenda kuliko vyote: kunyonya uhai, yaani sehemu ya madhara unayotoa inakurudia kama uhai. Ni kinga ya bei rahisi mno kwa sababu haikuombi pointi za ulinzi, inapanda yenyewe kila unaponoa silaha. Ukipiga kundi la kumi kwa mzunguko mmoja wa shoka, unanyonya kutoka kwa wote kumi. Katika hali hiyo kuongeza maadui kunakufanya uwe mgumu zaidi, jambo ambalo bado linanichekesha kila nikilifikiria.

Ila kunyonya kuna masharti. Lazima uwe unapiga, na lazima unayempiga awe na cha kunyonywa. Katika Diablo II viunzi vya mifupa havina damu, basi havikupi kitu, na ngazi za juu za ugumu hupunguza unachopata hata kwa wenye damu. Bosi naye ana tabia ya kuruka juu na kutoweka sekunde sita huku sakafu inawaka moto. Sekunde hizo sita bildi yako imerudi kuwa mtu wa kawaida aliyesimama kwenye moto. Kwa hiyo anayetegemea kunyonya anahitaji chanzo cha pili kisichodai adui: uhai unaojirudisha wenyewe kila sekunde, au chupa za dawa zilizopangwa vizuri.

La tatu, kuzuiwa, ndilo linalosahauliwa kabisa kwa sababu halina namba kubwa ya kujivunia. Kinga dhidi ya kugandishwa hukaa kwenye pete au mkanda ambao watu wanaupita wakitafuta madhara zaidi. Lakini hebu jiulize: ngao inahitaji uinue mkono, kukwepa kunahitaji miguu, kunyonya kunahitaji upanga utembee. Adui akikugandisha kwa sekunde mbili, amekuvua vyote vitatu kwa pamoja. Mimi kifaa cha namna hiyo hukitafuta kabla ya silaha nzuri, na sijawahi kujuta.

Upande wa matumizi, karibu kila gemu ina mahali ambapo pointi huacha kulipa. Elden Ring ya mwaka 2022 inaonyesha hili waziwazi. Sifa ya Vigor ikiwa 40 unapata uhai 1,450. Ukiipandisha hadi 60 unafika 1,900, yaani 450 kwa leveli ishirini. Ukiendelea hadi mwisho, 99, unafika 2,100 tu: leveli thelathini na tisa kwa uhai 200. Anayevuka 60 ananunua hewa. Uzito nao una ukuta wake. Ukibeba chini ya asilimia 70 ya uwezo wako unabingirika kama kawaida, ukivuka hapo unaanguka kama gunia. Mara nyingi kuvua glovu za chuma, ambazo kinga yake ni ndogo, kunakurudishia mbingiriko ambao ungekuokoa na pigo zima. Hiyo ndiyo biashara ninayoisema: unauza kidogo, unanunua kikubwa.

Kisha kuna ulinzi ambao hauandikwi popote kwenye ukurasa wa mhusika, nao ni kasi ya kuua. Bosi anayekufa kwa sekunde 20 anapata nafasi ya kurusha pigo lake la hatari mara mbili; akiishi sekunde 60, mara sita. Ukiongeza makali hadi muda wa pambano ukashuka kwa nusu, umepunguza kwa nusu mapigo utakayokutana nayo bila kugusa deraya. Hii haimaanishi watu wa kioo wana haki, wale wanaoweka kila kitu kwenye silaha. Inamaanisha kuna mstari. Ukishaweza kustahimili pigo kubwa zaidi la eneo unalochezea, na akiba kidogo juu yake, pointi inayofuata ya ulinzi huenda ikawa na kazi zaidi kwenye upanga.

Mstari huo uko wapi, karatasi haikwambii vizuri. Mimi humpeleka mhusika kwa bosi ninayemjua mapigo yake, namwacha asimame mbele yake sekunde kumi bila kushambulia, mkono nje ya kipanya, macho kwenye mstari wa uhai. Ukishuka kidogokidogo na kujivuta tena juu, narudi kutafuta shoka zito zaidi. Ukikatika zaidi ya nusu kwa pigo moja, shoka linasubiri. Natoka mlangoni, nafungua begi na kuanza na kofia.