Julie Andrews: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukimtaja Julie Andrews, mwigizaji na mwimbaji wa Uingereza, watu wengi hukumbuka picha mbili: yaya anayeshuka kutoka mawinguni na mwavuli wake, na msichana wa utawani anayezunguka na kuimba kilimani. Filamu hizo mbili, Mary Poppins ya 1964 na The Sound of Music ya 1965, zilisambaa duniani kiasi cha kufunika kazi iliyomlea mwenyewe. Huyu ni mtu wa jukwaa. Jukwaa lilimlipa mshahara akiwa bado mtoto, likamfunza kazi, likampa jina, na ni katika kulitumikia ndipo alipofikia kulazwa kwenye meza ya upasuaji. Mengi yanayosemwa vibaya juu yake yanatokana na kusahau hilo.

"Ni nyota wa sinema aliyewahi kujaribu na jukwaa pia"

Mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1947, akiwa na miaka 12, alikuwa akiimba kila usiku katika ukumbi wa London Hippodrome, ndani ya onyesho lililoitwa Starlight Roof. Kazi yake ilikuwa wimbo mmoja tu wa opera, mgumu, wenye noti za juu kabisa. Akishamaliza anaondolewa ukumbini, kwa sababu sheria ya Uingereza haikuruhusu mtoto afanye kazi mpaka usiku wa manane. Mwaka uliofuata aliimba mbele ya familia ya kifalme katika London Palladium. Baada ya hapo ikawa miaka ya kuzunguka nchi nzima na maonyesho ya vichekesho na nyimbo, na yale maigizo ya hadithi za watoto ambayo Waingereza huyafanya kila Krismasi.

Katika igizo moja la Krismasi, Cinderella la 1953, alionwa na mwongozaji Vida Hope, aliyekuwa akitafuta msichana wa kupelekwa New York kwa ajili ya The Boy Friend. Tamthilia hiyo ilifunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia za New York, tarehe 30 Septemba 1954, siku moja kabla Julie hajatimiza miaka 19. Walitaka asaini mkataba wa miaka miwili. Akakataa, akasema mwaka mmoja unatosha, maana hakuwahi kukaa mbali na kwao kiasi hicho. Ukaidi huo wa binti aliyewakumbuka nyumbani ndio uliomwacha huru pale watayarishaji wa tamthilia ya muziki ya My Fair Lady walipomtafuta. Angesaini miaka miwili, huenda leo tungekuwa tunamzungumzia mtu mwingine.

Filamu yake ya kwanza ilikuja 1964, miaka 17 baada ya Hippodrome. Na hata hiyo aliipata kupitia jukwaa: Walt Disney alikwenda kumtazama katika tamthilia ya muziki ya Camelot, kisha akapita nyuma ya pazia kumpa kazi. Julie akamwambia ana mimba. Disney akajibu kwamba watamsubiri, na wakamsubiri kweli.

Kuhusu Maria wa The Sound of Music, wengi huapa kwamba nafasi ile ilitungwa kwa ajili yake. Aliyeianzisha Broadway mwaka 1959 ni Mary Martin. Julie na rafiki yake Carol Burnett waliwahi hata kuikejeli tamthilia hiyo mbele ya kamera za televisheni, katika ukumbi wa Carnegie Hall mwaka 1962, kwa kuigiza familia ya waimbaji wenye tabasamu lisilokwisha. Baada ya miaka kama miwili akawa yuko Salzburg, amevaa aproni, anawafundisha watoto do-re-mi kwa uso mkavu. Wanakwaya wetu waliolelewa kwa solfa wanaujua wimbo huo hata kama filamu hawajaiona.

"Lafudhi ile ni ya mtoto wa wakubwa"

Lafudhi ile ni matokeo ya kazi. Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1935 Walton-on-Thames, kusini mwa Uingereza, akaitwa Julia Elizabeth Wells. Ted Wells, aliyemlea kama baba, alikuwa mwalimu wa ufundi. Mama yake alikuwa mpiga piano aliyeachana na mumewe wakati wa vita na kuungana na mwimbaji Ted Andrews, ambaye ndiye chanzo cha jina tunalolijua. Baba huyo wa kambo alikuwa mlevi, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo kazi ilivyompungukia, na binti akageuka tegemeo. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa 2008, ameeleza jinsi mapato yake yalivyosaidia kulipia nyumba waliyoishi, na jinsi alivyoambiwa na mama yake, akiwa kijana mdogo, kwamba baba yake wa damu ni mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema alizaliwa na kijiko cha fedha mdomoni, mwambie alikuwa analisha watu kabla hajaruhusiwa kupiga kura.

"Sauti kama ile mtu huzaliwa nayo, hafundishwi"

Hapa kuna nusu ya ukweli. Daktari wa koo aliyempima utotoni alikuta zoloto lake, yaani kiungo cha sauti kooni, limekwisha kukomaa kama la mtu mzima, na utotoni sauti yake ilitanda oktavu nne, yaani ngazi nne kamili za do-re-mi. Hilo ni la kuzaliwa nalo. Lakini aliyemwezesha kuitumia kwa miaka mingi bila kuiumiza ni mwalimu wake, Lilian Stiles-Allen, soprano wa matamasha aliyemshikilia kwenye mazoezi ya pumzi na matamshi. Zile konsonanti zake zilizokatwa vizuri, ambazo kila mtu huzisikia hata asiyejua Kiingereza, zimetoka darasani. Mwalimu alitamani binti aingie opera. Julie mwenyewe aliona sauti yake ni nyembamba mno kwa kazi hiyo.

Na kuimba ni sehemu moja tu. Mazoezi ya My Fair Lady yalipoanza mapema 1956, binti aliyejua kuimba kuliko wote alikuwa hajui kuigiza. Eliza Doolittle ni muuza maua wa mitaani, mkali, anayelia na kupayuka, na Julie hakuwa amewahi kubeba mhusika mzito namna hiyo. Rex Harrison, nyota mkubwa aliyecheza naye, hakuficha kukereka. Ndipo mwongozaji Moss Hart alipowapa wengine wote mapumziko ya siku mbili, akajifungia na Julie peke yake, wakapita mstari kwa mstari. Alimkemea, akambembeleza, akamwonyesha hata namna ya kushika mkoba. Julie amekiri mara nyingi kwamba bila saa 48 hizo asingebaki katika onyesho lile. Hata lafudhi ya Cockney, ya watu wa mashariki mwa London, ilibidi afundishwe, na mwalimu waliyemletea alikuwa Mmarekani! Ukitaka kujua kipaji kinafikia wapi na kazi inaanzia wapi, mpaka ni hapo.

"Audrey Hepburn alimpokonya My Fair Lady"

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wake wenza. Haikuwa hivyo. Kampuni ya Warner Bros ililipa dola milioni 5.5 kununua haki za kutengeneza filamu, na bosi wake, Jack Warner, alitaka jina ambalo mtu wa mji mdogo usio na ukumbi wa tamthilia atalitambua kwenye bango. Julie alikuwa amecheza Eliza kwa zaidi ya miaka mitatu New York na London, lakini hakuwa na filamu hata moja. Kwa hesabu za Warner huyo hakuwa mtu anayejulikana. Nafasi akapewa Hepburn, kwa malipo ya dola milioni moja.

Uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara, na sauti haikuwa kigezo. Ushahidi ni kwamba sehemu kubwa ya nyimbo za Eliza katika filamu hiyo aliziimba Marni Nixon, asiyeonekana, juu ya midomo ya Hepburn. Nixon alikuwa amekwisha kuwaimbia waigizaji Deborah Kerr na Natalie Wood kwa mtindo huohuo. Filamu ilipofika kwenye Oscar ilizoa tuzo nane, ila Hepburn hakuteuliwa hata kushindana. Usiku huohuo wa Aprili 1965 tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Julie, kwa Mary Poppins. Miezi michache kabla, akipokea tuzo nyingine ya filamu, Golden Globe, alikuwa amemshukuru Jack Warner hadharani kwa kuufanya ushindi huo uwezekane, na ukumbi ukaangua kicheko. Ni dongo tamu lililopambwa kwa adabu ya Kiingereza.

Na huyo Marni Nixon? Mtafute katika The Sound of Music, miongoni mwa watawa. Ni Sista Sophia.

"Onyesho likishafunguliwa, kilichobaki ni makofi"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi zaidi, kwa sababu ndiyo inayoficha kazi yenyewe. Ratiba ya kawaida ya Broadway na West End, eneo la kumbi kubwa za tamthilia za London, ni maonyesho manane kwa wiki, ambayo kwa kawaida ni jioni sita na michana miwili. Kwenye filamu za muziki za enzi ile nyimbo zilirekodiwa kwanza studio, kwa utulivu, na mbele ya kamera mwigizaji akawa anafuatisha midomo. Jukwaani hakuna kurudia. Eliza hupayuka nusu ya kwanza kwa sauti ya sokoni, kisha anatakiwa apande noti safi za soprano, na kesho yake afanye hivyo tena mara mbili. Kuna waigizaji wa akiba waliojifunza nafasi yote, wanaokaa tayari kila siku, lakini mtazamaji aliyelipa ili amwone nyota hupokea tangazo la mabadiliko kwa manung'uniko, na nyota analijua hilo. Ndiyo maana wengi hupanda jukwaani wakiwa na mafua.

Na kufunguliwa si kufaulu. Camelot ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto tarehe 1 Oktoba 1960, siku Julie alipotimiza miaka 25, na onyesho la usiku ule lilidumu saa nne na nusu. Mtunzi wa maneno, Alan Jay Lerner, akalazwa kwa vidonda vya tumbo. Moss Hart akapata mshtuko wa moyo. Walifika New York Desemba wakiwa bado wanapunguza, na wahakiki hawakuridhika. Kilichoiokoa ni televisheni: Machi 1961 waigizaji waliimba vipande vyake kwenye kipindi cha Ed Sullivan, na kesho yake foleni ya tiketi ikajaa.

"Kabati lake limejaa tuzo za Tony"

Tony ndizo tuzo kuu za Broadway, na hana hata moja ya kushindania. Alishindwa 1957 na Judy Holliday, na 1961 na Elizabeth Seal. Mwaka 1996 aliteuliwa kwa tamthilia ya muziki ya Victor/Victoria, akakataa uteuzi huo mbele ya watazamaji, mwishoni mwa onyesho la mchana, kwa sababu hakuna mwenzake yeyote katika onyesho lile aliyekumbukwa. Wapo waliosema alijikweza. Mimi naona alifanya kama mtu anayejua nani huvuta pazia.

"Sauti yake iliondoka kwa uzee" au "kwa saratani"

Si hili wala lile. Victor/Victoria ilifunguliwa Broadway Oktoba 1995, naye alikuwa ametimiza miaka 60. Alicheza mwanamke anayejifanya mwanamume anayejifanya mwanamke, kwa kubadili mavazi mara kwa mara na kuimba chini na juu. Koo lilianza kulalamika. Januari 1997 alichukua likizo na Liza Minnelli akashika nafasi yake. Katikati ya mwaka huo aliondoka kabisa, akafanyiwa upasuaji wa tatizo ambalo halikuwa saratani. Alipoamka, sauti ya kuimba haikurudi. Alifungua kesi mwaka 1999, na pande mbili zikamalizana mwaka uliofuata.

Kwa nini upasuaji mdogo ulete hasara kubwa hivyo? Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya nyama ndani ya zoloto, iliyofunikwa na utando laini. Noti ya A ambayo okestra hutumia kupatanisha vyombo huitaka mikunjo hiyo itikisike mara 440 kwa sekunde. Do ya juu ya soprano hutaka zaidi ya mara 1,000. Utando ukipata kovu hukakamaa, na ulipokakamaa hautikisiki sawasawa. Mtu anaweza kuzungumza vizuri tu, hata kuhutubia, lakini noti za juu hazitoki, na hakuna mazoezi ya kulainisha kovu. Madaktari wengine walimsaidia baadaye kwenye sauti ya kuzungumza. Ya kuimba ilibaki noti chache za chini.

"Baada ya hapo akastaafu"

Mwaka 2000 alipewa heshima ya Dame, cheo cha juu cha heshima cha Uingereza kwa wanawake. Mwaka 2001 alikuwa malkia katika The Princess Diaries, na katika filamu ya pili, ya 2004, aliimba wimbo uliotungwa kwa kufuata noti zilizokuwa zimebaki. Mwaka 2003 aliongoza tamthilia ya muziki kwa mara ya kwanza, huko Sag Harbor, jimbo la New York. Vitabu vya watoto, ambavyo watu hudhani alivikimbilia kwa sababu ya koo, alianza kuviandika mapema zaidi: cha kwanza kilitoka 1971. Vingi vya baadaye ameviandika na binti yake, Emma, yuleyule ambaye mimba yake ilimfanya Disney asubiri. Na tangu 2020, katika mfululizo wa Bridgerton, anatoa sauti ya msimuliaji Lady Whistledown.