Lori Linakula Oili: Msikimbilie Kufungua Injini

Lori likianza kuongezwa oili kila safari, hukumu ya gereji nyingi ni moja: ringi (bangili zinazozunguka pistoni) zimekufa, injini ifunguliwe. Mwenye gari ananunua pistoni, laina (kuta za silinda), ringi na gasketi, gari linalala gereji, kisha linarudi barabarani na kula oili vilevile. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi ugonjwa haukuwa ndani ya silinda kabisa.

Gerejini utasikia kauli kama hizi. "Injini isiyo na ugonjwa haili hata tone." Si kweli. Ringi huacha utando mwembamba wa oili kwenye laina ili chuma kisisagane na chuma, na sehemu ya utando huo huungua. Swali ni kiasi gani, na kiasi kinapimwa vizuri zaidi kwa dizeli iliyochomwa kuliko kwa kilomita, maana lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo halifanyi kazi sawa na linaloshuka tupu. Ukichoma lita 1,000 za dizeli na kuongeza lita 1 ya oili, hiyo ni asilimia 0.1, na kwa injini nyingi hapo hakuna ugonjwa. Ukiongeza lita 5 kwa dizeli hiyohiyo, anza kutafuta. Kikomo kamili kimo kwenye kitabu cha injini yako.

Pima kiwango cha oili gari likiwa pahala tambarare, injini imezimwa na oili imeshashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini). Ikiwa kati ya alama mbili za stiki, iache. Dereva anayejaza kupita alama ya juu eti kwa usalama anasababisha krenki (shafti kuu ya injini) ichape oili mpaka iwe povu, na ukungu wake unatokea kwenye breza (tundu la kupumulia la injini).

"Turbo ina oili mdomoni, basi imekufa." Hii ndiyo inayomaliza pesa za watu. Sili za turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) zinategemea shinikizo la hewa lililopo pande zake. Klina ya hewa ikiziba, turbo inavuta kwa nguvu na oili inafuata. Bomba la kurudisha oili kwenye sampu likipindika au kujaa masizi, oili inakosa pa kwenda. Breza ikiziba, shinikizo la ndani ya injini linaizuia isishuke. Ukifunga turbo mpya juu ya matatizo hayo, nayo itatema. Kagua hivyo vitatu kwanza, ndipo ushike shafti uone kama inacheza.

"Sioni moshi wa bluu, kwa hiyo haichomi." Injini za kisasa zenye vichujio kwenye egzosi zinaweza kuuficha. Na si lazima oili iliyopotea iwe imeungua. Fungua valvu chini ya tangi la upepo wa breki, kinga kitambaa cheupe. Unyevu wenye mafuta kidogo ni kawaida. Oili ikichuruzika, kompresa ya upepo ndiyo inayoisukuma huko. Kisha fungua mfuniko wa tangi la maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Kipoza oili (kifaa kinachopoza oili kwa maji) kikitoboka, injini inapozunguka oili ina shinikizo kubwa kuliko maji, hivyo ndiyo inayohamia upande wa maji. Utaikuta inaelea.

"Kompresheni iko juu, ringi ziko sawa." Kipimo hicho cha shinikizo ndani ya silinda kinazungumzia ringi za juu. Ringi ya oili iko chini yake, na inaweza kukwama kwa masizi huku kompresheni ikisoma vizuri.

Oili nzito? Ulaji unaweza kupungua kwa muda, lakini sababu inabaki palepale, na asubuhi ya baridi oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye hedi.

Injini iliyotoka ovahoo, yaani iliyofunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa, nayo huharibiwa kwa huruma. Kuiacha sailensi (ingurume bila kazi) kutwa nzima, au kuikokota bila mzigo, kunazifanya ringi zisikae na laina zing'ae kama kioo. Inahitaji mzigo wa wastani mapema. Lori linalounguruma siku nzima kwenye foleni ya mpakani Tunduma linapata madhara ya namna hiyohiyo.

Ukiwa na uwezo, peleka sampuli ya oili maabara kabla ya kugusa boliti hata moja. Silikoni (elementi iliyomo kwenye mchanga) ikipanda pamoja na chuma kwenye majibu, vumbi linaingia, na ringi mpya zitalika kama za kwanza mpaka hozi ya klina iliyopasuka ibadilishwe.